Uwanja Asioufagia Veneranda

Aliyepita njia ya zamani ya misafara, ile itokayo Tabora kwenda Nzega, aliujua uwanja wa Veneranda kwa uchafu wake. Si kwamba alikuwa mvivu. Nyumba aliifagia, jikoni aling'arisha, ila kipande kinachogusa njia alikiacha na majani yake na mavi ya mbuzi. Kwao, mke wa msafiri hafagii wala halimi pale mumewe alipokanyaga mara ya mwisho, mpaka arudi au msiba wake ujulikane. Akipagusa, amemzika. Wake za wapagazi wa pembe walifanya hivyo, naye alifanya hivyo tangu mumewe, Jilala, alipokwenda kukata mkonge Tanga. Wenzake Jilala walikwisha kurudi zamani. Yeye kimya.

Kila baada ya mavuno kaka yake Veneranda, Modest, alitoka Choma kumtaka arudi nyumbani kwao. Kila mara Veneranda alimpikia, akamsindikiza, akabaki.

Wifi yake Leonia, dada wa Jilala, aliyekaa jirani baada ya kuachika, hakuacha kumchokoza.

"Wifi, nyoka wakizaa humo uwanjani tumwite nani?"

"Tutakuita wewe. Wakisikia huo mdomo watahama wenyewe."

Nyoka hawakuzaa. Walihamia buibui, wala hakuna aliyejua, mpaka mwaka mmoja baada ya vita vya Hitla, jua likiwa bado kali, alipofika Nikolaus, Mmoraviani wa Sikonge aliyemkusanyia wadudu Mzungu mmoja mjini. Alipiga hodi, akaamkia, kisha akapiga magoti penye majani na kuingiza ncha ya kisu ardhini. Kikainuka kifuniko cha udongo, duara kama kifungo cha koti. Chini yake shimo, limetandikwa utando mweupe kama kitambaa. Mara kifuniko kikavutwa kwa ndani, chap!

"Mama, una kijiji kizima humu," alisema. "Kwingine wamefagia, wamevunja vifuniko vyote."

Akamweleza kwa furaha, yeye na Leonia aliyekwisha kuja kuchungulia. Huyu si ndugu wa karibu wa buibui wa darini. Yule wa darini meno yake hukutana kama koleo. Ya huyu hushuka sambamba kama majembe mawili, kama ya wale wakubwa wenye manyoya, nao ndio jamaa zake. Ila huyu ana vijino tayani vya kuchimbia. Wengine hufunika kwa kifuniko chembamba kama jani. Hawa huziba kama kizibo cha chupa.

"Basi umeshawajua," Leonia alisema.

"Ukoo tu. Aina yenyewe siwezi kuitaja. Majike hufanana mno. Dume ndiye hutambulisha, kwa ncha za vile vipapasio vyake vya mbele. Nataka dume, na jike wa hapahapa."

"Dume yuko wapi?"

"Akikomaa huliacha shimo lake mvua zinapoanza, akaenda kutafuta majike. Jike hatoki. Hukaa miaka mingi humohumo, anasikiliza kwa miguu."

Veneranda akauliza polepole, "Na dume hurudi kwake?"

"Harudi, mama. Hufia hukohuko."

Leonia, mwenye maneno, akatazama chini.

"Hapa hapachimbwi," Veneranda alisema. "Dume akija, mchukue."

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikakatika. Nikolaus alikuja mbio na chupa yake ya spiriti, wote watatu wakachutama. Dume alitokea njiani, mweusi, mwembamba, miguu mirefu. Akagonga kifuniko kimoja. Kikabanwa kwa ndani, kikakazwa.

"Huyo ana maringo," Leonia alinong'ona.

Akagonga cha pili. Kikainuka, akaingia. Nikolaus alinyoosha chupa, Veneranda akamshika mkono. "Mwache kwanza." Wakangoja. Dume alipotoka, Veneranda akauachia mkono, na dume akatumbukizwa chupani.

Ndipo Veneranda alipoinuka, akaingia ndani, akatoka na jembe.

"Jike utampata. Lakini nachimba mimi. Asije mtu akasema mgeni ndiye aliyemzika mume wangu."

Akaliinua. Leonia akaurukia mpini.

"Usichimbe, wifi. Bado."

"Wewe? Miaka yote hii unanicheka!"

"Nilicheka kwa kuwa ulikuwa unamngoja. Ukiacha wewe, nani atabaki kumngoja?" Machozi yalimtoka, naye hakuuachia mpini.

Veneranda ndiye aliyeuachia.

"Mimi nimechoka, Leonia. Kama ni kungoja, ngoja wewe. Nyumba hiyo hapo."

Nikolaus aliaga na dume tu, bila jike. Modest alipokuja baada ya mavuno, alikuta mizigo imefungwa. Leonia alikwisha kuhamishia vyungu vyake mle ndani. Aliwasindikiza kitambo, kisha akasimama.

"Akija nimwambie nini?"

Veneranda aligeukia njia. Modest alikuwa ametangulia mbali na mzigo kichwani.

"Mwambie nilikuwepo," alisema, akaongeza mwendo amfikie kaka yake.