Sumaku Kwenye Kioo

Mwenye nyumba wangu wa Bulyaga anafuga matumbawe sebuleni, katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Pampu mbili zinayapigia mawimbi. Kila moja inashikwa na jozi ya sumaku, moja ndani ya kioo na nyingine nje, zenye nguvu za kutosha kumponda kidole; ukucha wa gumba lake ni mweusi daima. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka anazamisha mkono hadi kwapani, anafuta utelezi nyuma ya sumaku, kisha anaijaribu kamba aliyoifungia pampu, isije ikaponyoka na kuyafukia matumbawe kwa mchanga. Huyasemesha kwa upole ambao sijausikia akimpa mtu.

Siku moja ya mvua umeme ulikatika, na uliporudi pampu moja ilishtuka ikaanza kuteleza. Mkewe, Biubwa, alikuwa mlangoni na chupa ya uji. Binti yao alikuwa anasubiri kupasuliwa hospitali, Igogwe, na alikuwa amemwomba baba yake aje.

“Baba Najat, gari linangoja.”

“Tangulia. Nikiiachia hii itaanguka.”

“Si umeifunga kamba?”

“Kamba siiamini.”

Biubwa aliutazama mkono uliokuwa majini. “Haya, mshike huyo huyo,” alisema, akatoka.

Adhuhuri simu iliita mezani. Mwenye nyumba alikuwa bado ameishika pampu tangini, akaniomba nimpokelee kwa kuwa mikono yake imelowa. Biubwa aliposikia sauti yangu, alikata.