Nyasi Nilizowatandikia Wahandisi

Naandika nikiwa na hasira, na aibu yenyewe bado inanichoma masikio, maana hapa Nyakatuntu hata watoto wakiniona wanaigiza ule mlio: "Tii! Tii! Tii!"

Walikuja wahandisi wa nishati kutoka chuo kikuu, wanatafiti jiko linalotumia kuni chache na kutoa moshi kidogo. Walitaka msaidizi wa utafiti wa hapa hapa, aliyemaliza kidato cha nne, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba mwaka mzima akipima kuni na moshi. Nikasema hiyo ni yangu, kwa sababu tangu mume wangu, baba Alinda, avuke kwenda Uganda akanyamaza, mimi ni kupalilia kahawa ya watu na mtoto mgongoni. Wakaniachia jiko lao nijaribiwe kwanza, wiki mbili nikapima kuni zangu kila asubuhi, nikaandika kwenye daftari bila kuruka siku. Likabaki jaribio la mwisho tu, waje waone ninavyopika. Mhandisi mkuu, mama mmoja mpole, aliniambia waziwazi, "Pika kama siku zote, usibadilishe kitu."

Sasa mimi na akili zangu (ninazo, cheti kipo) nikajiuliza, wageni wa chuo kikuu waje wakanyage majivu? Kwetu mgeni anatandikiwa nyasi. Zinatandikwa sebuleni, hilo najua, ila hawa walikuwa wanakuja kukaa jikoni, basi nikazikata siku mbili kabla nisije nikachelewa, nikazitandika ukuta hadi ukuta, mpaka chini ya jiko lao. Mama mkwe akachungulia, akasema, "Hapo umefanya la maana, mwanangu."

Wakaja, wakaning'iniza kipima moshi juu ya jiko, nusu ya kijiji iko mlangoni. Nikawasha, nikabandika ndizi na maharage, nainama kwa madaha kama bibi harusi. Cheche moja ikadondoka. Nyasi zilishakauka, zikashika, moshi ukajaa, mashine ikaanza kulia Tii! Tii! Tii!, wahandisi wakatoka wanakohoa, mmoja kaacha kiatu, mimi nikamwahi Alinda, na mama mkwe badala ya kuzima moto akaimwagia ile mashine ndoo nzima ya maji huku anapiga kelele, "Si ndiyo inayoungua, hamsikii inavyolia!"

Ikanyamaza. Haijalia tena mpaka leo.

Moto tuliukanyaga ukazimika. Jirani mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Alinda, hilo ndilo jiko lisilo na moshi?" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Yule mama mhandisi akajifuta macho, akatazama nyasi. "Dada, hizi unatandika kila siku?"

Nikasema hapana, ni kwa ajili yenu.

Akalifunga daftari langu taratibu, akasema basi hawezi kujua kama na zile wiki mbili niliandika ya kila siku au niliandika ya wageni. Hapo ndipo paliponiuma. Yale yalikuwa kweli, kila kilo!

Kazi kapewa mdogo wake mwenyekiti wa kijiji, mwanaume asiyejua kuchemsha hata chai. Juzi kaja na kitambulisho shingoni, ananiuliza, "Shemeji, hivi kuni zinapimwa na magome yake?" Nilimwacha kasimama kwenye majivu, bila nyasi, na yeyote atakayekuja baada yake, awe profesa, awe nani, atasimama hapo hapo.