Aliyewasemea Polisi Wawili

Asubuhi yetu ya mwisho, mke wangu alikuwa kwenye cherehani akipinda sketi ya jirani, na televisheni ilionyesha tena ile sinema ya kuchekesha ya Hollywood, ya polisi wawili, mnene na mwembamba, wasiopatana hata kidogo. Kiingereza hatukukijua, si mimi si yeye. Basi yeye ndiye aliyewasemea. Mnene alimsemea akiwa na pini midomoni, kwa sauti ya kukwaruza. Mwembamba akitaka kujibu, mke wangu alizitoa pini kwanza.

"Wee ndugu, gari umeliegesha mtoni?"

"Si wewe uliyesema nikate kushoto?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Baada ya kumzika mke wangu, mjukuu wetu aliniletea sinema hiyohiyo, imetiwa sauti za Kiswahili. Niliitazama kidogo, nikamwambia azime sauti. Hawa wanaongea mambo ya kazi tu. Kuna mahali mwembamba anaanguka, mguu umeumia, nyumba inaungua, na mnene anarudi kumchukua. Maneno mengine mke wangu aliyabadilisha kila tulipoitazama. Ya hapo hakuyabadilisha, na aliyasema taratibu, macho kwenye kitambaa: "Inuka, mzee. Nikikuacha hapa, nitagombana na nani?"