Gesi ya Friji Ilivyonyamazisha Simu ya Jumapili

Mdogo wangu ni fundi friji. Watu humwita Baridi, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na mama yetu. Mimi ni dada yake mkubwa, naishi chumba cha nyuma ya karakana yake. Kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho haya mawili, na nisiyoyaona niliyasikia kupitia ukutani. Mkitaka shahidi, ukuta upo.

Huyu Baridi aliwahi kutengeneza friji ikapoa hadi nzi akipita mbele yake anadondoka na kuvunjika vipande viwili. Mnacheka? Mimi ndiye niliyefagia.

Mkewe alifariki binti yao akiwa mdogo, mtoto akakulia karakanani, katikati ya mirija ya shaba na makompresa, akiandika kazi za shule juu ya friji iliyolazwa chali. Friji hizohizo zikamsomesha mpaka akavuka bahari, akawa mtaalamu wa hewa. Sasa anaishi nchi ambako, anasema, watu wanapishana kwenye ngazi bila salamu. Miaka imepita hajarudi. Chumba chake kiko vilevile. Kila asubuhi Baridi huingia kufungua dirisha, jioni akalifunga, kama vile ndani kuna mtu anayehitaji kupumua.

Kilichokuwa kinamshikilia ni simu ya Jumapili. Binti hupiga, wakishajuliana hali maneno yanaisha, maana baba mwenyewe si msemaji. Basi mtoto humwambia, "Baba, usikate. Iweke hapo mezani, ufanye kazi zako." Baridi anaiegemeza simu kwenye kopo la skrubu, anaendelea kugonga na kufungua, na kule ng'ambo mtoto anapika chakula chake akisikiliza. Saa nzima hawasemezani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na ole wako upite hapo na kikohozi.

Jumapili moja kulikuwa na friji ya duka la maziwa, kompresa, ule moyo wa friji, imekufa. Mafundi wa mtaa wetu wana desturi moja: kabla ya kulehemu, mrija unakatwa, gesi inatoka, fsssss, inakwenda zake. Ndivyo walivyofundishwa na waliowafundisha. Baridi akakata. Fsssss.

"Baba," simu ikasema. "Hiyo ni gesi?"

"Gesi, mama. Umeisahau? Ulikuwa ukiisikia unapiga makofi."

Nikadhani mtandao umegoma. Kisha sauti ikaja, ndogo: "Baba, hiyo ndiyo ninayoipima huku kila siku."

Nikadakia. "Shangazi yako hajaona mlango wa darasa, mwanangu. Nieleze kama unamweleza mbuzi, ila mbuzi mwerevu."

Akacheka kidogo. "Shangazi, chukulia benchi la zahanati. Limebaki na nafasi chache, zikijaa joto la dunia linapita kiasi. Nafasi hizo ndizo wanaziita bajeti ya kaboni. Ni kiasi cha hewa ukaa, ile ya moshi wa magari na viwanda, tunachoweza bado kutoa. Na hewa ukaa ikishaketi haiinuki, inangoja hadi vitukuu."

"Kama mama mkwe wangu."

"Sasa wapo wengine wanaobanana benchi hilohilo. Methani, gesi ya ng'ombe na majalala, ni mnene kweli, ingawa baada ya miaka kumi na kitu anainuka. Tatizo ni kwamba akiinuka yeye, mwenzake ameshaingia. Ipo gesi ya mbolea ya chumvichumvi, hiyo inakaa karne nzima. Halafu hii ya friji. Kilo moja yake inabana nafasi kama kilo elfu moja na zaidi za hewa ukaa."

"Si waambiwe wasogee!"

"Ndiyo shida yenyewe. Waliopiga hesabu ya nafasi zilizobaki wameshajipa moyo kwamba hawa wengine watapungua. Wasipopungua, nafasi ya hewa ukaa inaliwa, hata kila mtu aegeshe gari lake. Friji moja si kitu, Baba. Lakini mafundi mko wangapi duniani?"

Baridi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta tu. "Nimekuelewa, mama," akasema. Simu ikakatika, sijui ni nani aliyeikata.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa ghala la nyama, akarudi na mashine kuukuu ya kunyonya gesi pamoja na mtungi wake. Tangu hapo hakuna friji iliyofunguliwa kabla gesi yake haijavutwa mtungini. Wateja wakanung'unika.

"Baridi, siku hizi unaitengeneza friji au unaikanda mgongo?" mwenye duka la maziwa akauliza.

"Kaa usubiri," akajibiwa.

Mashine ilikuwa na kelele kiasi kwamba kuku wa jirani walihama wenyewe, wakabeba na vifaranga.

Lakini Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala ile ya baada yake. Baridi ananawa mapema, anaweka simu mezani, anakaa. Simu ikipata moto kwa kukodolewa macho, anaitia ndani ya friji ipoe, halafu anafungua mlango kila mara asije akapitwa.

"Si upige wewe?" nikamwambia.

"Niseme nini, Dada? Mtoto anaionea haya kazi yangu."

"Kazi ipi? Iliyomlisha?"

"Hiyohiyo."

Akaingia chumbani kwa binti. Nilipochungulia, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nikaazima simu ya mwenye duka la maziwa. "Mwanangu," nikasema, "baba yako amekonda, mkanda unamzunguka mara tatu. Jana upepo ulimbeba, tukamshusha kwa ngazi."

"Shangazi wewe!" Akacheka, na kilio kikafuata nyuma ya kicheko. "Naona aibu kumpigia. Mimi ni nani nimkosoe Baba kwa kazi iliyonifikisha huku? Siku ile nilipoisikia ile sauti, kabla sijakumbuka ni gesi, nilitamani nyumbani mpaka nikakaa chini jikoni. Halafu ndiyo nikaanza kumhubiria."

"Anaiatamia simu kama yai. Mpigie."

Akapiga jioni ileile, wala haikuwa Jumapili. Baridi akamweleza habari za mtungi, jinsi ulivyofika nusu, na mafundi wawili wa mtaa wa pili waliokuja kuazima mashine. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu alipoposa. Mwishowe akalifikia lile alilokuwa akilizunguka.

"Unarudi lini, mama?"

"Wameniongezea mkataba, Baba. Si mwaka huu. Na mwakani sijui."

Baridi akalisogeza kopo la skrubu, akalirudisha palepale. "Haya. Kazi ni kazi. Pima vizuri."

"Baba, usikate. Fanya kazi kidogo nisikie."

Kazi haikuwepo. Friji zote zilikuwa zimechukuliwa siku ile. Akageuka huku na huku kwenye karakana tupu, kisha akaingia chumbani kwangu bila hodi, akaikokota friji yangu, nzima kabisa, haijawahi hata kupiga chafya. Akaigeuza mgongo karibu na simu, akaanza kufungua skrubu, moja baada ya nyingine, taratibu.

Nikafungua mdomo nimtukane. Nikauona uso wake. Nikachukua sufuria, nikaenda kwa kunyata kutoa maziwa yangu frijini.