Mshipa wa Chumba cha Kushoto

Msinione hivi, ndugu zangu. Darasa la nne sikumaliza, lakini hapa Katoro nina maduara mawili, mashimo ya kuchimbia dhahabu, na gari langu mwenyewe, na mwamba wenye mali nikiunusa tu naujua. Ila wiki iliyopita pua hiyohiyo ilinitia aibu.

Nilikuwa kwenye benchi la zahanati, nasubiri kupimwa presha. Nyuma ya pazia daktari alikuwa anamwelewesha jirani yangu, Baba Kulwa: "Una vyumba vinne. Ule mshipa mkubwa kuliko yote unaanzia chumba cha kushoto, chini."

Mwili ukanisisimka. Nyumba ya Baba Kulwa ina vyumba vinne, na sisi wachimbaji dhahabu tunaifuata kwenye mshipa! Jioni nikamwomba kile cha kushoto niweke magunia ya mpunga. Akanipa ufunguo.

Kesho yake yeye na mkewe walipokwenda kanisani, nikaingia na sururu, nikapasua sakafu. Shimo lilikuwa limenifika kiunoni mlango ulipofunguliwa.

"Baba Masanja! Unafanya nini nyumbani kwangu?"

"Usijifanye," nikamjibu kwa jeuri. "Daktari amekuambia mshipa mkubwa uko humu. Tugawane!"

Baba Kulwa akafungua vifungo vya shati, akajipiga kifuani. "Mshipa wa damu, we mzee! Alikuwa ananieleza moyo wangu!"

Majirani walishajaa dirishani. Mama Kulwa akalichungulia shimo, akaniambia taratibu: "Basi shemeji, endelea kuchimba. Ukifika kwenye mapigo utuite."