Lorna Hruska na mechi ya Desemba 7 iliyoota mbawa

Saa mbili na robo asubuhi, Lorna Hruska amesimama katikati ya ofisi, simu mkononi, mdomo wazi. Kahawa imemwagikia karatasi zake na hana habari.

"Wamejitoa," anasema. "Wamejitoa! Wiki kumi na mbili kabla ya msimu! Ujumbe wa mistari miwili tu, hata samahani hamna."

Waliojitoa ni chuo kikubwa kilichokuwa kimesaini kucheza na timu yake ya mpira wa kikapu Desemba 7. Wanasema watalipa fidia. Lorna hataki fidia, anataka mechi.

Mama huyu wa miaka 58 ni katibu wa timu ya Chuo cha Marlow, katika mji mdogo wa Nebraska. Mechi za ligi hupangwa na ligi yenyewe, lakini zile kumi na moja za nje ya ligi kila chuo hujitafutia wapinzani. Kwa miaka kumi na tisa, pale Marlow anayewatafuta ni Lorna.

Zamani alitafuta vibonde. Timu ilishinda, ukumbi ulijaa, kila mtu akarudi nyumbani anacheka. Mpaka Machi mwaka huu.

Marlow ilikuwa imeshinda mechi 27. Wachezaji na wazazi wao walikusanyika ukumbini kusikiliza majina ya timu 68 zilizoteuliwa kuingia mashindano ya taifa na kamati inayopima pia ugumu wa wapinzani. Yalisomwa yote. La Marlow halikuwemo.

"Nilidhani televisheni imeharibika," anakumbuka. "Nikasubiri waseme wamesahau moja. Mara mtangazaji akauliza, 'Kwani Marlow wamemfunga nani?' Nilihisi kama nimezabwa kofi. Ratiba ile niliipanga mimi."

Kocha Denny Oakes anakataa lawama hizo. "Vibonde niliwataka mimi," anasema. "Lakini Lorna wiki nzima hakuongea na mtu. Tulitishika."

Tangu siku hiyo amepigia simu vyuo 64. Wakubwa wanamkwepa, kwani wakiifunga Marlow hawapati sifa, na wakifungwa ni aibu tupu.

"Mmoja aliniambia, 'Lorna, nakupenda sana, ila sijapata kichaa.'"

Waliokubali walikuwa wanne. Sasa wamebaki watatu.

Saa nne simu inalia, na Lorna anaipokea kwa spika. Ni Ray Tolliver, kocha wa timu moja ngumu ya Tennessee, ambayo haijawahi kupokea hata simu ya Lorna.

"Nasikia mmeachwa kwenye mataa," anasema.

"Nani kakwambia?"

"Habari zinatembea. Na sisi tumeachwa jana, Desemba 7 hiyohiyo. Njooni kwetu."

"Njooni nyie."

"Mbishi wewe mama! Basi turushe sarafu."

"Narusha mimi."

Tolliver anacheka. "Rusha, nakuamini. Nachagua kichwa."

Sarafu inaangukia kwenye karatasi zilizolowa. Ni kichwa. Oakes, aliyeingia wakati Tolliver akichagua, anamkonyeza na kutikisa kidole: sema ni upande ule mwingine! Tolliver yuko kilomita zaidi ya elfu moja, ataona nini?

"Kichwa," Lorna anasema. "Tunakuja sisi."

Oakes anajishika kichwa. Tolliver haamini masikio yake.

"Umesema kichwa?"

"Macho ninayo, Ray."

"Miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Ningekuwa mimi, ningekudanganya."

"Najua. Ndiyo maana sikukuachia urushe."

Tolliver anacheka mpaka anakohoa. Kisha anasema jambo linalomfanya Oakes akae chini bila kutazama kama kuna kiti. "Mwakani nakuja kwenu. Andika kabla sijabadili mawazo."

Hakuna timu ya hadhi hiyo iliyowahi kukanyaga ukumbi wa Marlow, wenye viti 2,800. Lorna anaandika, anasoma alichoandika, anasoma tena.

Alikuwa astaafu Mei ijayo. Barua ya kuomba kustaafu iko mezani kwa Oakes, na mchana huo anaifuata na kuichukua.

"Mwaka mmoja tu zaidi," anasema. "Nataka niwafungulie mlango kwa mkono wangu. Halafu tuwafunge."