Siku Nilipooka Koni za Msonobari Mbele ya Profesa

Nimekaa na aibu hii muda mrefu, na sababu pekee ya kuitoa leo ni kwamba watu wa kanisani kwetu Liverpool, mtaa wa hapa Sydney, wanaisimulia vibaya, wanasema eti nilichoma nyumba, na mimi sikuchoma nyumba, nilichoma trei moja ya oveni na heshima yangu yote, basi.

Kwanza mnielewe kazi yangu. Mimi ni mtoto wa Kitale, nilikuja Sydney kusomea uzamivu, na ninachosomea ni moto wa msituni, lakini si misitu ya hapa Australia, ni ile ya kaskazini ya mbali kabisa, Kanada huko na Siberia, ambako theluji hukaa miezi na miezi na bado joto likifika msitu unawaka wiki nzima. (Mama yangu mpaka leo huniuliza kwenye simu kwa nini mtu atoke Kitale aende Australia kusoma moto wa Kanada, na sijawahi kumpa jibu likamridhisha.) Korona ilipokuja mipaka ikafungwa, kwa hivyo msitu wenyewe nikawa nauona kwa picha za setilaiti tu, nimekaa jikoni, ghorofa ya nne, kwenye fleti niliyoishi na Mama Neema, dada wa Kikongo kutoka Uvira anayefanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku.

Mwaka wa pili wa korona, Sydney yote tumefungiwa tena ndani, ikatokea nafasi. Profesa mmoja wa Kanada, mama mwenye jina kubwa katika mambo haya, alitaka mwanafunzi mmoja wa kujiunga na timu yake mipaka ikifunguliwa, akae nao msituni msimu mzima. Waombaji tulikuwa watano. Kila mmoja angeeleza utafiti wake kwa dakika kumi, kwa kompyuta, profesa na watu wake wakisikiliza, na zamu yangu iliwekwa saa mbili asubuhi ya Sydney. Msimamizi wangu, mzee mpole asiyependa makuu, aliniambia, "Eleza unachokijua, onyesha picha zako, halafu nyamaza."

Ningemsikiliza nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Kuna msonobari huko kaskazini ambao koni zake, yaani yale matunda yake magumu yenye magamba, zimefungwa kwa utomvu kama gundi, zinaweza kukaa juu ya mti miaka mingi bila kufunguka, mpaka siku moto upite, utomvu uyeyuke, magamba yaachane na mbegu zidondoke kwenye majivu. Mimi kitu hicho kilinishika tangu siku ya kwanza nilipokisoma. Nikajiambia, wenzangu wataonyesha picha, mimi nitawafungulia koni wakiona kwa macho yao.

Tatizo ni kwamba koni za kaskazini sikuwa nazo. Lakini katika bustani ya karibu kulikuwa na msonobari wa aina nyingine, nao koni zake hufunguka kwa joto, nikaenda katika ile saa tuliyoruhusiwa kutembea nikaokota sita, na nikaamua nisitaje ni za mti gani. (Huo haukuwa uongo, nilijiambia, ilikuwa ni kutosema.) Maabara nayo ilikuwa imefungwa, kwa hivyo nikaweka picha ya maabara nyuma yangu kwenye kompyuta, wasione sidiria za Mama Neema zilizoanikwa kwenye viti, na nikazipanga koni zangu ndani ya oveni yake.

Oveni hiyo namba zake zilikuwa zimefutika kwa kusuguliwa, Mama Neema ni mtu wa usafi, kwa hivyo moto niliukadiria kwa mkono. Na kitu ambacho sikukitazama, kwa sababu nani hutazama, ni trei ya chini, ambayo Mama Neema alikuwa ameihifadhi humo na mafuta yaliyobaki ya kukaangia samaki.

Nilianza vizuri, jamani, nisijidharau kwa hilo. Nilieleza, nikaonyesha ramani, profesa akawa anaitikia kwa kichwa, na dakika ya tano nikasikia kutoka kwenye oveni tak, tak, tak, koni zinafunguka, nikafurahi nikasogeza kompyuta karibu ili nao wasikie. Profesa akatabasamu. Hapo nikaiona timu, nikaiona ndege, nikajiona nimevaa buti kubwa kwenye theluji.

Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye mlango wa oveni, kidogo, mwembamba, na una harufu ya samaki.

Sasa hebu fikirieni, moshi na ile picha ya maabara havikupatana kabisa. Kompyuta ikashindwa kujua mimi naishia wapi na moshi unaanzia wapi, ikanimeza sikio, ikanimeza bega, ikabaki midomo inaongea juu ya ikolojia. Profesa akasogea karibu na kioo chake.

"Samahani, huo ni moshi?"

Na mimi, mtafiti wa moto, nikajibu, "Hapana, ni mtandao."

Kengele ya jikoni ikalia. Akauliza hiyo ni nini, nikasema ni ya jirani. Kengele ya jengo zima ikaitikia, na ile sauti ya mashine ikaanza kutuamuru tutoke nje, na mimi bado naendelea na ramani yangu, sauti nimeipandisha. (Mniombee.) Ndipo Mama Neema akatokea chumbani, amefunga kitenge kifuani na mfuko wa plastiki kichwani kwa sababu ya dawa ya nywele, saa moja tu tangu alale.

"Dada, unapika nini ivi? Miye niko nalala, moshi ananifata mpaka ku kitanda."

Akapita kati yangu na kompyuta, ile picha ya maabara ikakata tamaa ikatoweka, na watu wote wa Kanada wakaliona jiko letu na nguo za ndani zote. Mama Neema hakuwa na habari nao. Alijaza sufuria maji akafungua mlango wa oveni, na chini nikaona mwali mdogo unacheza juu ya yale mafuta.

"Usimwage maji," nikamwambia, nikamshika mkono. "Ni mafuta, yataruka yakuunguze. Funga mlango, zima umeme, tutoke."

Akafunga, nikazima, tukatoka. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa siku hiyo. Ila kompyuta niliibeba kwapani, ikiwa wazi, sijui kwa nini, nadhani niliona ningemalizia dakika zangu kwenye ngazi.

Chini kwenye nyasi tulikuwa jengo zima, baridi ya Julai, barakoa na magauni ya kulalia, kila mtu amesimama mbali na mwenzake kama alivyoelekezwa, majirani ambao hatukuonana wiki kadhaa wakisalimiana kwa furaha (mzee mmoja wa Kivietinamu alishuka na kizimba cha ndege wake). Gari la zimamoto likaja, wakapanda, wakakaa kidogo, halafu mkubwa wao akashuka ameshika trei yenye koni sita nyeusi kama makaa.

"Nani alikuwa anapika hizi?" akauliza.

Nikainua mkono.

"Zinaliwa?"

"Hapana."

"Wewe unafanya kazi gani?"

 Mama Neema akaona ninaonewa, akajitokeza na mfuko wake kichwani akasema kwa kile Kiingereza chake cha kazini, kwa fahari kabisa, "Huyu ni daktari wa moto."

Jengo zima lilicheka. Yule wa zimamoto aligeuka upande asionekane. Na kutoka kwapani kwangu nikasikia kicheko kingine, cha Kanada, nikakumbuka kwamba sikuwa nimeizima.

Nikaigeuza kompyuta. Profesa akafuta machozi, akaomba aonyeshwe trei, mzimamoto akaiinua mbele ya kamera kwa adabu kama anayeonyesha keki ya harusi, na profesa akazitazama mara moja tu. "Huo si msonobari wetu," akasema.

Hapo sikuwa na pa kujificha, nikayatoa yote, mti wa bustanini, maabara isiyokuwepo, mtandao, jirani. Akanisikiliza. Akanishukuru kwa muda wangu, akasema tuko salama ndilo la maana, mkutano ukaisha.

Nafasi sikuipata. Barua yake ilikuja baada ya wiki, fupi, ya upole, na nilitegemea atasema habari za koni, lakini za koni hakuzitaja vibaya, alisema lilikuwa wazo zuri. Aliandika kwamba msituni watu hugawanyika, mmoja huku mwingine kule, na kila mmoja anategemea redio ya mwenzake kujua moshi uko wapi, na yeye hawezi kumpeleka huko mtu anayeuona moshi akasema ni mtandao. Niliisoma mara tatu. Nilitaka nikasirike nikakosa pa kushika. Mama Neema, ambaye nilikuwa nimemnunulia trei mpya, alinitengenezea chai, akakaa karibu nami.

Basi nimejiapiza nisimfiche tena mtu hali ilivyo, hata ikiwa mbaya, na nawaambia si rahisi. Juzi msimamizi wangu amenipigia kuuliza sura ya tatu ya utafiti imefika wapi, nikamwambia sijaianza. Yule mzee akaniomba nimpe dakika chache akanywe maji kwanza.